Ufundi wa Kumliza Mtazamaji

Filamu ya kuliza humtoa machozi mtu anayejua fika kwamba anachokitazama ni maigizo. Amelipa kiingilio, anajua kuwa maiti atainuka mara tu kamera ikisimama, na kwamba yatima wa kwenye pazia ana mama anayemsubiri pembeni. Hata hivyo, taa zinapowashwa, watu wazima na akili zao huonekana wakijifuta macho. Machozi hayo hayaji kwa bahati. Huandaliwa na mwandishi, mwigizaji, mpiga picha, mhariri na mtunzi wa muziki, na waliobobea katika kazi hiyo wana sifa moja inayowaunganisha: wanajua kujizuia.

Kazi huanzia kwenye hadithi. Kifo peke yake hakilizi. Katika filamu za mapigano watu hufa kwa makumi huku mtazamaji akiendelea kutafuna bisi. Kinachouma ni hasara ambayo mtazamaji ameijua gharama yake mapema. Katika Ladri di biciclette, filamu ya Mwitalia Vittorio De Sica ya mwaka 1948, Antonio Ricci, mtu asiye na kazi katika Roma ya baada ya vita, anapata kibarua cha kubandika mabango kwa sharti kwamba awe na baiskeli. Yake iko rehani. Mkewe anatoa mashuka ya nyumbani na kuyapeleka rehani ili baiskeli ikombolewe. Mfanyakazi wa duka analichukua furushi, anapanda nalo juu ya rafu ndefu, na hapo ndipo inapoonekana kwamba rafu hizo zimejaa mashuka ya watu wengine, safu juu ya safu. Hakuna anayesema neno kuhusu umaskini wa mji. Baiskeli inapoibwa siku ya kwanza ya kazi, mtazamaji hahitaji kuelezwa kilichopotea, kwa kuwa mashuka ameyaona.

Njia nyingine ni kuutoa msiba mwanzoni kabisa. Hotaru no Haka, filamu ya katuni ya Isao Takahata iliyotoka Japani mwaka 1988, inafunguka kwa kijana Seita kufa njaa katika stesheni ya treni mjini Kobe, Septemba 1945. Mfagiaji anakuta kopo la peremende kwenye maiti yake na kulitupa nje gizani. Kuanzia hapo hadithi inarudi nyuma, na kila furaha ya Seita na mdogo wake Setsuko inatazamwa na mtu anayeujua mwisho. Peremende zinapokwisha, Seita anatia maji ndani ya kopo ili mtoto apate angalau ladha. Kwa wahusika, hiyo ni hila ya kupendeza ya kaka mwenye huruma. Anayeshindwa kuvumilia ni mtazamaji, kwa sababu anajua kopo hilo linaelekea wapi.

Baada ya hadithi anakuja mwigizaji. Machozi yenyewe ni rahisi kuyapata: tone la glisirini kwenye kope linatosha. Ugumu uko katika kuyazuia. Mwigizaji anayelia kwa kwikwi tangu mwanzo humwachia mtazamaji kazi ya kushuhudia tu. Anayejikaza humwachia nafasi ya kulia kwa niaba yake. Chishu Ryu alikuwa hajafika hata miaka 50 alipoigiza mzee katika Tokyo Monogatari, filamu ya Yasujiro Ozu ya mwaka 1953. Wazee wawili wanasafiri kutoka Onomichi kwenda kuwaona watoto wao Tokyo, wanakuta kila mmoja ana shughuli zake, na mkwe wao mjane ndiye pekee anayewapa muda wake. Muda mfupi baada ya kurudi nyumbani, bibi anafariki. Alfajiri ya msiba mzee hapatikani chumbani. Anakutwa nje amesimama, na anachosema ni kwamba mapambazuko yalikuwa mazuri na kwamba siku itakuwa ya joto tena. Sauti yake haitetemeki. Ozu, aliyezoea kuiweka kamera chini karibu na usawa wa mtu aliyeketi kwenye mkeka, haisogezi ili kumchungulia usoni.

Wengine wamefanya kinyume na bado wakafaulu. Carl Theodor Dreyer, katika filamu yake ya mwaka 1928 kuhusu kesi ya Jeanne d'Arc, aliisogeza kamera hadi uso wa mwigizaji Falconetti ukajaza pazia zima, bila vipodozi, kila mstari wa ngozi ukionekana. Lakini hata uso wa karibu namna hiyo hupewa maana na picha zinazouzunguka. Hilo lilioneshwa na Mrusi Lev Kuleshov katika miaka iliyofuata mapinduzi ya 1917: picha ileile ya mwigizaji mtulivu iliunganishwa na sahani ya supu, kisha na jeneza, na watazamaji wakaona njaa mara ya kwanza na majonzi mara ya pili. Mhariri, basi, haonyeshi huzuni. Hupanga picha mbili, na mtazamaji huijaza huzuni mwenyewe.

Muziki ndio silaha kali zaidi, na ndiyo inayotumiwa vibaya zaidi. Violini nyingi humwamrisha mtu alie kabla hajawa tayari, na wengi hukataa amri hiyo. Katika Up ya mwaka 2009, iliyoongozwa na Pete Docter, maisha ya ndoa ya Carl na Ellie yanapita kwa dakika kama nne bila mazungumzo. Wanatengeneza nyumba, wanagundua hawatapata mtoto, wanaweka akiba kwenye chupa kwa ajili ya safari, na kila mara chupa inavunjwa: gurudumu la gari limepasuka, mguu umevunjika, mti umeangukia paa. Mtunzi Michael Giacchino alitumia wimbo mmoja tu wa mwendo wa dansi. Unaanza kwa uchangamfu, kisha unapungua ala na mwendo hadi unabaki kinanda peke yake. Mtazamaji anausikia uzee kabla ya kuuona.

Vipengele vyote hivi vinakutana katika dakika za mwisho za City Lights, filamu ya Charlie Chaplin ya mwaka 1931. Mzururaji maskini amemtafutia muuza maua kipofu fedha za kutibiwa macho, naye amefungwa jela kwa sababu hiyo. Binti anadhani mfadhili wake ni tajiri. Mzururaji anatoka kifungoni na nguo zilizochanika, vijana wauza magazeti wanamfanyia mzaha barabarani, na nyuma ya kioo cha duka la maua binti, ambaye sasa anaona, anacheka pamoja nao. Anamwonea huruma, anatoka na ua na sarafu. Mzururaji anataka kukimbia. Binti anaushika mkono wake ili aitie sarafu kiganjani, na vidole vinatambua kile ambacho macho hayakukitambua. Tabasamu linamtoka. Anapapasa mkono, kisha ukosi wa koti. Mzururaji ameng'ata kidole, ua mkononi, anacheka kwa hofu, na picha inafifia. Onesho la kukutana kwao mara ya kwanza, alipodhaniwa kuwa tajiri, Chaplin alilipiga zaidi ya mara 300, kwani kosa hilo lisipoaminika, mkono wa mwishoni hauna cha kutambua.

Mzururaji huyo alifika hadi pwani ya Afrika Mashariki kwa njia ya Bombay. Raj Kapoor aliichukua sura yake katika Awara ya mwaka 1951, filamu iliyopendwa mno Unguja na katika miji ya pwani na watu ambao wengi wao hawakujua Kihindi. Jaji anamfukuza mkewe mjamzito kwa shaka, mwana anakulia kwenye vibanda na kuwa mwizi, kisha anasimamishwa kortini mbele ya baba asiyemjua. Baba huyo aliigizwa na Prithviraj Kapoor, baba mzazi wa Raj. Talaka ya dhuluma, aibu ya familia na mtoto aliyekataliwa havikuhitaji mkalimani.

Kuna filamu zinazoliza kwa mkato: ugonjwa unaoibuka dakika kumi kabla ya mwisho, mtoto anayeuawa kwa sababu hadithi imeishiwa. Machozi hutoka, ila hukauka mlangoni. Filamu zilizotajwa hapa hazimpi mtazamaji nafuu hiyo. Antonio, akiwa amekata tamaa, anajaribu kuiba baiskeli ya mtu mwingine, anakamatwa mbele ya mwanawe Bruno, na anasamehewa bila kurudishiwa ya kwake. Mzee wa Onomichi anabaki peke yake. Kama muuza maua atampokea mzururaji, haielezwi. Waongozaji hao walijizuia hata kufariji, na huzuni waliyoiacha bila suluhisho ndiyo iliyozifanya filamu zao ziendelee kujadiliwa miaka mingi baada ya kutoka.