Sauti na Jiko: Usawiri wa Mtumishi katika Kazi za Nell Carter

Uhakiki wa vichekesho vya televisheni huelekea kukomea katika swali moja: je, mhusika amedhalilishwa au hakudhalilishwa? Swali hilo ni la haki, lakini halitoshi. Kazi za Nell Carter, mwigizaji na mwimbaji Mmarekani mweusi aliyezaliwa Birmingham, Alabama, mwaka 1948 na kufariki mwaka 2003, zinadhihirisha kwamba nafasi anayopewa mhusika katika hadithi na uwezo wa msanii anayemwigiza ni mambo mawili tofauti. Mvutano baina ya mambo hayo ndio unaostahili kuchunguzwa.

Carter alitangulia kuwa mwimbaji. Jina lake lilivuma kutokana na Ain't Misbehavin', tamthilia ya muziki iliyofunguliwa Broadway, New York, mwaka 1978, na ambayo msingi wake ni muziki wa mpiga piano Fats Waller (1904-1943). Kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Tony mwaka uo huo, na ilipoonyeshwa katika televisheni mwaka 1982 ikampatia Tuzo ya Emmy. Kimuundo, haina msuko wa matukio unaowafunga wahusika. Wasanii watano huimba, hutaniana na kushindana, na wimbo mmoja huweza kuchekesha na kuhuzunisha kwa pamoja. Msomaji aliyezoea mafumbo ya taarabu hatastaajabu: maneno husema hili, sauti ikasema lile. Humo Carter hakuwa mtumishi wa yeyote.

Hali ni nyingine katika Gimme a Break!, mfululizo ulioonyeshwa na NBC kuanzia mwaka 1981 hadi 1987. Carter aliigiza Nell Harper, anayeitunza nyumba ya Carl Kanisky, mkuu wa polisi Mzungu aliyefiwa na mke, pamoja na binti zake watatu. Kiini cha hadithi ni ahadi: Nell alimwahidi mke huyo, rafiki yake, alipokuwa akikaribia kufa, kwamba angeiangalia familia yake. Ahadi hii inabeba itikadi nzito. Inaigeuza ajira kuwa mapenzi, na suala la ujira na saa za kazi likafifia. Mfanyakazi huweza kuacha kazi. Aliyemwahidi marehemu haachi. Wahenga walisema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na hadithi ya aina hii humwezesha mtazamaji kuuona mzigo wa Nell kuwa mwepesi kwa sababu anaubeba huku akitabasamu.

Isitoshe, jiko hilo lina historia. Beulah, mtumishi mweusi wa familia ya Wazungu, alianza kusikika redioni mwaka 1939 kwa sauti ya mwanamume Mzungu, Marlin Hurt. Mhusika huyo alipohamia televisheni mwaka 1950, aliigizwa na Ethel Waters, mwimbaji mashuhuri wa bluzi. Kisha akaja Hattie McDaniel, ambaye naye alikuwa amerekodi nyimbo za bluzi katika miaka ya 1920. Si sadfa kwamba waimbaji walipokezana nafasi hii. Vichekesho vilihitaji sauti pana iliyokomaa, lakini vikaitengea sauti hiyo chumba kimoja tu cha nyumba. Wahakiki waliomwona Nell Harper kuwa mrithi wa yaya huyo wa kale hawakukosea kuhusu ukoo wake.

Hata hivyo, hukumu hiyo haimalizi kesi. Henri Bergson, katika kitabu chake kuhusu kicheko kilichotoka mwaka 1900, anaona kwamba kicheko huadhibu ugumu wa mtu asiyeweza kujirekebisha. Kwa kigezo hicho, anayeadhibiwa mara nyingi ni Kanisky: mtu anayeamrisha askari lakini hasikilizwi jikoni mwake. Nell ndiye anayekiongoza kicheko. Carter anaijua mizani ya kauli kama mwimbaji aijuavyo mizani ya ubeti: anajua pa kunyamaza na pa kupaza. Udhaifu ni kwamba ushindi wake haudumu. Kipindi kifuatacho humkuta palepale, na nyumba ni ileile.

Dolph Sweet, aliyemwigiza Kanisky, alifariki mwaka 1985, na mfululizo ukaendelea bila bwana wa nyumba. Kifo kilifanya jambo ambalo msuko haukuwa umelithubutu: kilionyesha kwamba aliyeitwa mtumishi ndiye aliyekuwa nguzo.

Baadaye, katika Hangin' with Mr. Cooper (1993-1995), Carter aliigiza mwalimu mkuu wa shule. Hatimaye mhusika wake alikuwa na ofisi. Lakini mwaka 1997, alipoigiza Miss Hannigan katika Annie huko Broadway, matangazo ya televisheni yaliendelea kumwonyesha mwigizaji mwingine, Mzungu, na Carter akalalamika hadharani. Sauti yake ilikaribishwa jukwaani. Sura yake ikaachwa nje ya tangazo.

Kwa hiyo, kumwita Nell Harper mhusika bapa ni kusoma hati na kuusahau uigizaji. Kadhalika, kumsifu Carter kwa ucheshi bila kuitaja ile ahadi iliyomfunga jikoni ni kusikia wimbo bila kuuliza nani anaufaidi. Uhakiki wa haki hauna budi kuyashika yote mawili kwa pamoja.