Ziwa na Ahadi katika The Snow Leopard
Ni rahisi kuisoma The Snow Leopard (1978) ya Peter Matthiessen kama hadithi ya kumsaka chui wa theluji ambaye msimulizi hakujaliwa kumwona. Usomaji huo hauitendei haki sehemu inayohusu Ziwa Phoksundo, nchini Nepal, lililo mita 3,600 hivi juu ya usawa wa bahari. Safari hiyo ya 1973 ilifanywa majira ya baridi yakikaribia, kwa kuwa mwanasayansi George Schaller alikusudia kuwachunguza bharali, wanyama wa jamii ya mbuzi na kondoo, katika msimu wao wa kupandana. Anayepita njia ya gengeni kandokando ya ziwa huelekea kwenye vipito ambavyo theluji yaweza kuvifunga nyuma yake. Hapo ndipo mgogoro wa kazi hii unapobainika. Msimulizi, aliyefiwa na mkewe mwaka 1972, amemwacha mwanawe mdogo Marekani na kumwahidi kurudi mwezi Novemba. Mafunzo ya Zen yanamtaka aishi katika wakati uliopo. Ahadi inamdai kesho. Matthiessen hafichi kwamba aliivunja. Kwa hiyo, utulivu wa maji hayo haumtakasi baba, unamshtaki.