Kibwagizo cha Wimbo wa Taifa wa Tanzania

Wimbo huu, uliopokewa na Tanganyika mwaka 1961, huimbwa kwa sauti aliyoitunga Enoch Sontonga wa Afrika Kusini mwaka 1897. Yamkini msomaji akaudhani kuwa tafsiri tupu; kibwagizo chake chakanusha dhana hiyo. Kitenzi cha kubariki hutanguliwa kwanza na kiambishi -i-, chenye kuitaja nchi. Kisha hurudiwa na -tu-, chenye kumwingiza mwimbaji katika dua yake mwenyewe. Tena, pale Kixhosa kisemapo jamaa, Kiswahili kimesema watoto. Jamaa huonyesha undugu. Mtoto huonyesha deni pia, kwani kwa desturi ya Waswahili radhi ya mzazi haipatikani bila ya kumtumikia. Basi aombaye baraka kwa neno hilo amekwisha kuahidi utumishi.