Namba, Rangi na Udongo: Ufundi wa Kutambua Silaha za Japani ya Vitani

Mpe mkusanyaji aliyekomaa ganda tupu la risasi ya Kijapani la milimita 7.7, naye atapitisha ukucha kitakoni. Maandishi hayatafuti, maana risasi za bunduki za jeshi la nchi kavu la Japani kwa kawaida hazikupigwa chapa. Kitako kikilingana na ganda, hiyo ni ya bunduki ya Aina ya 99. Kikijitokeza kidogo, ni ya bunduki ya rashasha ya Aina ya 92. Kikijitokeza wazi, ni ya jeshi la majini, na hapo yumo mgeni: umbo lake ni la .303 ya Waingereza, kwa kuwa wanamaji walitumia bunduki za Lewis na Vickers. Ikiwa risasi ni nzima, huangalia mduara mwembamba wa rangi pale inapoingia kwenye ganda. Waridi ni ya kawaida, nyeusi ni ya kutoboa chuma, kijani ni ya kuacha mwanga njiani.

Sisi Waafrika Mashariki tuna sababu yetu ya kujali kitako hicho. Askari wa King's African Rifles (KAR) katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki walishuka Bonde la Kabaw huko Burma kwenye mvua kubwa ya mwaka 1944, wakaingia Kalewa mwanzoni mwa Desemba. Bunduki zao zilikuwa za .303. Kwa hiyo ganda la kitako kipana lililookotwa upande ule, mimi ningewafikiria babu zetu kwanza kabla ya kumtafuta Mjapani.

Ufundi huu ninaupenda zaidi unapofika kwenye namba. Bunduki ya Aina ya 38 haikubuniwa mwaka 1938. Ni ya mwaka wa 38 wa enzi ya Mfalme Meiji, yaani 1905. Aina ya 11, bunduki nyepesi ya rashasha, ni ya mwaka wa 11 wa Taisho, 1922. Kisha, mwishoni mwa miaka ya 1920, jeshi likahamia kalenda inayoanzia mfalme wa kwanza wa simulizi zao, miaka 660 kabla ya Kristo. Mwaka 1937 ukawa 2597, na bomu la mkono la mwaka huo likaitwa Aina ya 97. Lakini tarehe ya kutengenezwa iliendelea kupigwa kwa miaka ya Showa, ambayo huongezewa 1925. Bomu la Aina ya 97 lenye tarehe 18.7 lilitoka kiwandani Julai 1943. Kalenda mbili katika chuma kimoja kinachotosha kiganjani, na anayejua huzisoma zote mbili bila kutua.

Aina ya 97 na Aina ya 91 hufanana kama mapacha, zote zikiwa chuma cha kusubu kilichochorwa miraba. Tofauti iko chini: 91 ina tundu lenye hesi, ambapo kilifungwa kikopo cha baruti ili bomu lirushwe kwa kizinga kidogo cha Aina ya 89. Hicho ndicho Wamarekani walichokiita cha gotini. Kitako chake kilichopinda kiliwafanya baadhi yao wadhani kinawekwa juu ya paja, na waliojaribu walivunjika mifupa. Kumbe kilikusudiwa kukaa ardhini au juu ya gogo.

Mkusanyaji ninayemheshimu husoma haya yote kwenye kitu ambacho wataalamu wenye leseni wamekwisha kukitoa baruti na fyuzi, kikiwa na karatasi ya kuthibitisha. Kitu cha porini hakiokoti. Makombora mengi ya Kijapani yalijazwa asidi ya pikriki, waliyoiita baruti ya Shimose, ambayo ikikutana na chuma huzaa chumvi zinazolipuka kwa msuguano mdogo. Ndiyo maana mafundi walipaka vanishi ndani ya kombora. Vanishi hiyo sasa ina miaka zaidi ya themanini. Mwaka 2020, Honiara, visiwani Solomon, wataalamu wawili waliofanya kazi ya kutafuta mabomu ya Vita vya Pili vya Dunia waliuawa na mlipuko. Hao walikuwa na mafunzo. Asiye nayo huacha kitu kilipo na kuita wanaohusika, na hapo hakuna mjadala.

Na lipo bomu la udongo. Chuma kilipoadimika, jeshi liligeukia miji ya wafinyanzi kama Arita, Seto, Bizen na Shigaraki, na mwaka 1944 likatoka bomu la mkono la kauri, Aina ya 4. Ni tufe lenye shingo fupi na kofia ya mpira, na utambi wake uliwashwa kwa kukwaruza kama kiberiti. Lilitumika Iwo Jima na Okinawa. Huko Kawagoe, kaskazini-magharibi mwa Tokyo, vipande vyake vingi vimelala kando ya Mto Binnuma hadi leo.

Hapa mkusanyaji huanza kusoma kama mfinyanzi. Udongo mwekundu usio na utando wa kioo unaelekeza Bizen. Mweupe mgumu unaelekeza Arita. Vyombo vya Japani vya wakati huo vilipigwa pia herufi ya eneo na namba ya tanuri, ya Gifu ikiwa 岐 na ya Seto ikiwa 瀬. Kwenye mabomu alama mara nyingi haipo, na wajuzi hubaki wakibishana juu ya mng'aro wa kahawia, mmoja akisema Seto, mwingine Shigaraki, kila mmoja akigeuza shingo ya kipande kwenye mwanga ili kuona mikunjo iliyoachwa na vidole au na kalibu.