Mamlaka ya Kuhesabiana

Watu wakitaja kifo cha Technorati hutaja mwaka 2014. Mimi nakataa. Kwetu sisi tunaoandika Kiswahili, chombo kile kilikufa mwaka 2009, na wala hakuna aliyekiua ila chenyewe.

Hebu tuanze na jina. Dave Sifry alipokianzisha kule San Francisco mwaka 2002, jina lake liliunga mambo mawili: teknolojia, na neno la Kilatini la kuwaita wajuzi wa maandishi. Kazi yake ilikuwa kupekua blogu, kumwonyesha mtafutaji nani kaandika nini muda huu, na kuzipanga blogu hizo kwa daraja. Kipimo cha daraja wakakiita mamlaka. Mamlaka, jamani! Na yalipatikanaje? Zilihesabiwa blogu ngapi zimeweka kiungo cha kuelekea kwako katika miezi 6 iliyopita. Basi. Hakuna aliyeulizwa kama alisoma hadi mwisho au aliishia kwenye kichwa cha habari.

Ndugu msomaji, ugomvi wangu uko hapo. Kiungo hutolewa na mwenye blogu. Asiye nayo, hata asome kila siku ya Mungu, hana kura. Huku kwetu Chumbi riwaya moja huazimwa nyumba hadi nyumba mpaka jalada linachomoka, na anayeipata mwisho huanzia ukurasa wa 9 kwa kuwa wa mwanzo umeshaliwa na mvua. Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla, iliyotoka mwaka 1965, ilipendwa na wasomaji wa kawaida kabisa, wa kununua na wa kuazimana. Kwa hesabu ya viungo, wasomaji hao wangeandikwa sifuri. Kumbe kilichopimwa si kusomwa bali kujuana: wewe nitaje, nami nitakutaja.

Hata hivyo sitaki kuwa mkali kupita kiasi. Katika miaka ile akina Ndesanjo Macha, na Jikomboe yake, walikuwa wanaonyesha kwamba Kiswahili kinaandikika mtandaoni bila kumpigia magoti mhariri yeyote. Issa Michuzi akaanza blogu yake mwaka 2005. Chombo kilichopekua lugha zote, hata kwa kipimo kibovu, kilikuwa mlango. Mtu wa mbali angeweza kutafuta neno la Kiswahili na kumkuta aliyeliandika.

Mlango huo ndio uliofungwa mwaka 2009. Technorati iliamua kuacha kuorodhesha blogu za lugha nyingine, ibaki na za Kiingereza tu. Ajabu ni kwamba ripoti yao wenyewe ya mwaka 2007 ilisema Kijapani ndicho kilichoongoza, asilimia 37 ya maandiko, na Kiingereza 36. Sasa kama Mjapani alitolewa nje pamoja na wingi wake wote, Mswahili angebakizwa kwa lipi?

Baada ya hapo ni historia fupi. Google walikuwa na mashine yao ya kutafuta blogu tangu mwaka 2005. Watu wakahamia Facebook na Twitter, wakawa wanatumiana viungo humo badala ya kuviweka kwenye blogu, na mwenye kuhesabu akabaki na daftari tupu. Kampuni ikageukia biashara ya matangazo. Mei 2014 orodha ikaondolewa, na mwaka 2016 kampuni ikauzwa kwa Synacor kwa dola milioni 3. Mimi sikulia.

Ninacholilia ni kingine. Mwaka 2018 Tanzania ilipoweka leseni ya maudhui ya mtandaoni, ada za kuanzia zilikuwa shilingi 2,100,000. Mwandishi wa hadithi atazitoa wapi? Baadhi walifunga blogu zao. Na walipofunga, hapakuwa na orodha yoyote ya kutuambia kwamba fulani aliwahi kuandika. Sisi tuliomaliza kidato cha nne na kujitia kuandika riwaya tunaambiwa kila siku "someni waliotangulia". Sawa, lakini wako wapi?

Mwaka huu nilimaliza bando zima nikibonyeza majina yaliyopangwa pembeni mwa blogu moja ya zamani. Mengi hayakufungua kitu. Machache yakafunguka, na katika mojawapo nikakuta hadithi ya kuendelea, ya mvuvi wa kamba anayedaiwa mahari. Lugha yake tamu, mazungumzo yake yana pumzi, ingawa mwandishi anapenda mno kuwaua wakwe. Sura ya 7 imekatika katikati ya sentensi, mvuvi akiwa bado mtoni. Jina la mwandishi halipo. Kama kuna mwenye sura ya 8, aniandikie kwa mkono wa mhariri.