Siri ya Kazimoto

Mwaka 1974 marehemu Euphrase Kezilahabi aliwapa wapenzi wa ushairi Kichomi, na wasomaji wa riwaya Kichwamaji. Hii ya pili husomwa zaidi kama riwaya ya kukata tamaa. Mimi naiona kwanza kuwa kisa cha mapenzi ya siri. Kazimoto, mwanafunzi wa chuo kikuu, anarudi kwao Ukerewe. Manase amemharibia maisha dada yake, Rukia. Naye anamwendea Sabina, dada wa Manase, kwa nia ya kulipiza kisasi. Siri, basi, si penzi lenyewe bali chanzo chake. Na kwa kuwa Kazimoto ndiye msimulizi, sisi twaijua nia yake kabla ya Sabina; tumeshafanywa washirika. Penzi linapogeuka kuwa la kweli, ndipo ukali wa riwaya unapotuchoma: usomi umemzoeza kujadili maana ya maisha, lakini kumwambia mpenzi ukweli ni somo jingine. Kisa ni cha ziwani. Hata hivyo, mzazi wa Chiungutwa, kule Masasi, anayempeleka mwanawe chuoni atalielewa swali lake: shahada huthibitisha nini kuhusu moyo?