Kazi kwa ugali na kitanda: hesabu ya Kagunga

Makubaliano yetu ya kwanza yalidumu siku nne. Mama aliyenipokea Kagunga angenipa chumba, ugali wa muhogo mara mbili kwa siku na kitoweo cha siku hiyo. Mimi ningemfanyia kazi saa tano kila asubuhi, Jumapili nipumzike. Fedha haikuwamo. Mpwa wake niliyesoma naye ndiye aliyetukutanisha, ila hizo saa tano nilizitaja mimi. Siku ya tano aliniita uani, akaniambia bila ukali: "Mwanangu, saa zako nimezihesabu zote zimetimia. Dagaa ndio hawakutimia."

Hesabu hiyo ya saa nilikuwa nimeiokota mbali. Mwaka 1971 Sue Coppard, karani wa ofisini mjini London, alianza kuwapeleka watu wa mjini mashambani Sussex mwishoni mwa wiki: wanalima, wanalishwa, wanalazwa, wanarudi. Wazo lile likakua na kuwa mtandao wa WWOOF, ambao leo uko katika nchi nyingi, na mitandao mingine ikafuata. Kijana anaandikiana na mwenye shamba la kondoo kando ya bahari huko Scotland au Wales, anakwenda kusaidia kujenga kuta za mawe, anafanya kazi kama nusu siku na nusu nyingine ni yake. Kwao hesabu ya saa inafaa, kwa kuwa ukuta wa mawe ulioanza kuujenga leo utaukuta kesho pale pale ulipouacha.

Kagunga kuna kazi zisizokusubiri. Kijiji kimebanwa kati ya milima na Ziwa Tanganyika, kaskazini ya Hifadhi ya Gombe, Burundi ikiwa pua na mdomo. Mimi nilikwenda kwa boti la mbao kutoka Kibirizi, karibu na mji wa Kigoma, nimekaa juu ya magunia ya watu. Nyumba ya mama ilikuwa na shughuli mbili: kununua dagaa wabichi mwaloni na kuwaanika, na kufuga kondoo kumi na mmoja mlimani nyuma ya michikichi. Nilidhani nimekuja kwa ajili ya kondoo. Kumbe kondoo walikuwa kazi ya akiba.

Tuanze na dagaa, kwani hapo ndipo mkataba wangu ulipovunjikia. Wavuvi hutoka jioni, huwasha taa juu ya maji (zamani karabai, sasa taa za betri na za sola), dagaa huufuata mwanga, wavu hupandishwa. Alfajiri vyombo vinarudi. Kuanzia saa kumi na mbili hadi saa tatu asubuhi hakuna kukaa: kununua kwa beseni, kubeba, kuondoa takataka, kumwaga juu ya vichanja na kutandaza kwa kiganja hadi pasibaki rundo. Kichanja ni meza ya miti yenye wavu juu. Faida yake ni kwamba hewa inapita chini na juu, dagaa hukauka upesi, na mchanga hauingii. Dagaa aliyeanikwa chini hutafunwa pamoja na ufuko wake, na mchuuzi anajua. Huchukua konzi moja, hupuliza, hutazama kilichobaki kiganjani, ndipo hutaja bei.

Baada ya saa tatu kazi hulegea. Unageuza, unafukuza kuku na kunguru, unageuza tena. Ukiwa na mkataba wa saa tano, saa tano ya asubuhi umemaliza, unakwenda kuoga ziwani. Nami ndivyo nilivyofanya. Siku ya nne, alasiri, wingu lilishuka kutoka mlimani kwa haraka nisiyowahi kuiona, nami nikiwa majini, niko huru kwa mujibu wa makubaliano. Mama na binti zake wawili walianua walichoweza. Vichanja viwili vililoa.

Hasara yake inahesabika. Kilo moja ya dagaa wakavu hutokana na karibu kilo nne za wabichi. Yanayopungua ni maji. Dagaa aliyefikia nusu ya ukavu kisha akanyeshewa huanza kuoza kabla jua halijarudi. Wale wa vichanja viwili waliishia kuwa chakula cha kuku, kwa bei isiyorudisha hata fedha ya mabeseni. Kazi yangu ya siku nne, ukiithamini kwa kitanda na ugali niliokula, haikufikia hasara ya robo saa moja ya mvua.

Kwa hiyo tuliandika upya, nasema tuliandika ingawa hatukushika kalamu. Mama aliziondoa saa, akaweka mwezi. Siku za giza mimi ni mtu wa dagaa, tangu kuanika hadi kuanua, na katikati nikitaka kulala nilale kivulini karibu na vichanja. Mbalamwezi ikiwaka, taa za wavuvi hazina nguvu, uvuvi wa dagaa husimama kwa karibu wiki moja na nyavu hutengenezwa. Wiki hiyo ni ya kondoo. Halafu akaongeza jambo ambalo sikuliomba: katika kila madebe kumi ya wakavu yatakayoingia ndani salama, moja ni langu.

Debe hilo ndilo lililobadilisha kila kitu, kuliko hata ule mwezi. Siku iliyofuata niliona wingu kabla ya binti zake.

Mwalimu Nyerere, katika andiko lake la Ujamaa la mwaka 1962, aliitaja methali ya mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi huitumia kumfukuza mvivu. Mimi ninachokiona ni pengo lake: inasema jembe atapewa siku gani, haisemi mavuno yatagawanywaje. Majirani wa mama walikuwa wameshalijibu swali hilo ziwani. Kwenye chombo cha dagaa hutolewa kwanza gharama za safari, mafuta na chakula, kisha kinachobaki hugawanywa kati ya mwenye chombo na wavuvi wake. Usiku ukiwa mtupu, mvuvi naye mtupu. Juu milimani, Buha, nchi ya Waha, ilikuwa na mkataba mwingine wa zamani, ubugabire: mwenye mifugo alimkabidhi mtu ng'ombe, naye akanufaika na maziwa na samadi huku akimtumikia mwenye mali. Haukuwa mkataba wa watu walio sawa, na sitamani urudi. Ila uliweka mali hai mikononi mwa mfanyakazi, na mtu aliyekabidhiwa ng'ombe hapimi saa.

Kondoo nao? Wiki ya mbalamwezi ilikuwa ya utulivu, karibu ya anasa. Kondoo wa huku wana manyoya mafupi, hawanyolewi, basi ile picha ya mkasi na marundo ya sufu isahau. Kazi ilikuwa tatu. Kwanza kwato: unamkalisha kondoo kwa matako, mgongo wake magotini pako, unapunguza kwato iliyojikunja kwa kisu kikali, unasafisha tope la katikati. Usipofanya hivyo kwato huoza na mnyama huchechemea. Pili kope: unafunua ukope wa chini na kutazama rangi ya ndani. Ikiwa nyekundu yuko sawa. Ikiwa imepauka kama karatasi, minyoo ya tumboni inanyonya damu, apewe dawa yeye, si kundi zima. Kazi hii mgeni anaiweza ndani ya nusu saa, na ndiyo yenye faida kubwa kwa mwenyeji asiye na daktari wa mifugo karibu. Tatu ni kuchelewa, nayo ni kazi pia: kondoo hawatoki mpaka umande ukauke, kwa sababu viluwiluwi vya minyoo hupanda kwenye majani mabichi yenye maji. Mama alikuwa na sharti jingine asiloliegemeza kwenye kitabu chochote: kondoo aliyenunuliwa hachanganywi na wenzake kwa wiki kadhaa. Sababu ipo: ugonjwa wa sotoka ya mbuzi na kondoo umeonekana Tanzania tangu 2008, na kijiji cha mpakani kinapitiwa na wanyama wa kila namna.

Atakayetaka kuiga mpango huu aanze na choo na maji kabla ya kuuliza chumba. Mei 2015 maelfu ya wakimbizi kutoka Burundi walijazana Kagunga, mahali ambapo hapakuwa na barabara, wakinywa maji ya ziwa na vyoo havitoshi. Kipindupindu kikaingia, watu zaidi ya 30 wakafa, na meli ya MV Liemba ikawa inawasomba kwenda Kigoma mamia kwa mamia. Nilikuta chombo cha maji ya kunywa cha mama kina kifuniko na kata yake, na mtoto aliyetumbukiza kikombe alizomewa na nyumba nzima.

Mgeni wa kutoka nje ya nchi ana jambo la ziada: viza ya utalii haimruhusu kujitolea kazi, hata bila mshahara. Kibali cha ukaazi daraja C ndicho cha watu wa kujitolea. Mwenyeji asiyejua hili naye anaweza kuitwa ofisi ya uhamiaji.

Na mkataba wa mwezi una udhaifu wake. Mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa ziwani kwa miezi 3, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, ili samaki wapate kuzaliana. Kwa miezi hiyo giza na mbalamwezi ni sawa, debe la kumi halipo, na kondoo kumi na mmoja hawawezi kulipia kitanda cha mtu wa ziada. Nilimuuliza mama angefanya nini na mgeni wakati kama huo. Akasema angempa muhogo alime, na kwa muhogo angemhesabia saa, kwani muhogo unasubiri.

Nilipoondoka nilikuwa na madebe mawili na nusu. Nusu niliwaachia binti zake, mawili nikayauza Kibirizi kabla sijapanda gari. Mchuuzi alichukua konzi, akapuliza, akatazama kiganja.